Cheti cha ufundi wa mitambo ya kiwandani Nairobi: nikiacha kibarua nisome, pesa itarudi?

Zamu ya Usiku

Habari zenu wadau. Niko kiwanda cha plastiki huku Baba Dogo, kibarua, naendesha mashine. Nalipwa 750 kwa siku. Tukiingia siku sita kila wiki, mwezi unanipa kama 19,500. Mafundi wa matengenezo naona wanapigiwa simu hata usiku wa manane mashine ikigoma, na supavaiza anawaongelesha kwa adabu. Mimi huwa nawashikia tochi. Nimeshika tochi hadi nimejua kubadilisha mkanda, kufunga beringi, kutoa pampu ya haidroliki na kuirudisha. Karatasi ndiyo sina.

KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata D+. Nimeambiwa inatosha kuingia kozi ya cheti, kiwango cha 5, na kwamba diploma wanataka C-. Chuo cha serikali ni kama miaka miwili, mchana. Kuna cha kibinafsi mjini chenye masomo ya jioni, karo yao karibu mara mbili. Nina mke na mtoto, tunakaa chumba kimoja Lucky Summer.

Swali langu ni la pesa tu. Walio ndani ya kazi hii wanipe hesabu. Yale ya elimu ni ufunguo wa maisha nimeyasikia tangu darasa la kwanza.

Mhasibu wa Donholm

Karo ndiyo sehemu ndogo, ndugu yangu. Nitakuonyesha.

Chukua ile karo ya vyuo vya ufundi vya umma iliyowekwa 56,420 kwa mwaka, ambapo serikali ilikuwa inatoa 30,000 na mwanafunzi 26,420. Mpango wa ufadhili umebadilishwa tangu hapo, kwa hivyo nahesabu kana kwamba unailipa yote kutoka mfukoni: miaka miwili ni 112,840. Buti, ovaroli, multimita na spana za kuanzia, weka 15,000.

Sasa kibarua unachoacha. 19,500 mara miezi 24 ni 468,000. Tuseme likizo unarudi kiwandani, miezi minne ukijumlisha miaka yote miwili. Toa 78,000, inabaki 390,000. Jumla kuu ni 517,840. Karo haifiki robo ya hiyo.

Upande wa pili, umemaliza na ukaajiriwa kwa 30,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 1,800. SHA, bima ya afya, 825. Tozo ya nyumba 450. PAYE, kodi ya mshahara, inabaki kama 731. Mkononi ni 26,194. Umepita kibarua chako kwa 6,694. Ukigawa, unahitaji miezi 77 kurudisha, yaani karibu miaka sita na nusu. Ukiajiriwa kwa 40,000 mkononi inakuja kama 32,747, tofauti ni 13,247, na miezi 39 inatosha.

Na hapo sijaweka muda wa kutafuta kazi baada ya kumaliza. Kila mwezi unaokaa nyumbani na cheti ni 19,500 nyingine.

Dogo wa Ngara

Miaka sita na nusu 😂 afadhali bodaboda

Mhasibu wa Donholm

@Dogo wa Ngara bodaboda ina mkopo wake na ajali zake, hiyo fungulia uzi mwingine.

Afisa wa Ajira

Hesabu ya Mhasibu ni safi ila ameionea ajira mahali pawili. Mimi ndiye huandika mikataba ya watu kiwandani, Industrial Area, kwa hivyo naziona hizi namba kila mwisho wa mwezi.

Kwanza, ile 1,800 ya NSSF haijapotea. Mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, kwa hivyo kila mwezi 3,600 inaingia kwa jina lako. Ukiiweka kwenye hesabu, ile tofauti ya 6,694 inakuwa 10,294, na miezi 77 inashuka hadi 50. Ni kweli hutaishika leo, lakini ni yako. Halafu 19,500 ya kibarua ni ya mwezi mzuri. Oda zikipungua wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani ni nani? Fundi hata oda zikikosekana anabaki, kwa sababu huo ndio wakati wa kufungua mashine na kuifanyia huduma.

Pili, na hili watu wengi hawalijui: gredi yako ya ufundi imeandikwa kwenye amri ya mishahara, ile ya serikali inayoweka mshahara wa chini kabisa. Ile amri iliyoanza Novemba 2024 ilimweka mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi kwenye 16,113.75 kwa mwezi. Ukishuka chini ya jedwali unakuta fundi asiye na gredi, fundi wa Gredi III, wa II, na wa I, kila mmoja na mstari wake, na kila mstari una mshahara mkubwa kuliko uliotangulia. Juu ya hapo kuna asilimia 15 ya nyumba. Kwa hivyo ukiitwa kwenye usaili uliza mapema kama hiyo 30,000 ni mshahara wa msingi au nyumba iko ndani. Na kama kiwanda kina chama cha wafanyakazi, uliza mkataba wa chama unasemaje, kwa kawaida uko juu ya amri.

Lingine, na silisemi nikugombanishe na mwajiri wako. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi siku zake zikatimia mwezi au zaidi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi. Kukuita kibarua miaka nenda miaka rudi hakubadilishi hilo.

Ila sasa niwe mkweli kuhusu vyeti. Meza yangu imejaa vyeti. Anayeajiriwa ni yule ambaye mhandisi wetu akimpeleka kwenye paneli iliyozimwa na kumwambia "hii mota haiwaki, niambie kwa nini", anajua aanzie wapi. Wengi wanaanza kufungua kila kitu.

Spana ya Kariobangi

Kijana, usipoteze pesa. Mimi nimejifunzia Kamukunji kwa mjomba wangu, nikahamia Kariobangi Light Industries, na hadi leo hakuna mwenye poshomili aliyeniuliza cheti. Huniuliza kama mashine itasaga leo jioni. Natengeneza poshomili, kompresa za kuosha magari, miksa za mikate, pampu za maji za maploti. Mwezi mzuri napita hao wa ovaroli za buluu. Mwezi mbaya nakaa kibandani nanoa drili. Lakini ni zangu, sipigiwi honi asubuhi.

Hivyo vyuo vinafundisha kwa mashine zilizokufa kabla mwalimu hajazaliwa.

Fezi Tatu

Mzee, heshima yako. Kuhusu mashine za vyuo sikupingi sana, ingawa kwenye vyuo kama Kabete na Eastlands College nimeona karakana zinazofanya kazi kweli. Lakini ngoja nikwambie kwa nini darasa lina thamani.

Kuna mama wa poshomili upande wa Githurai, mota yake ilikuwa inaungua, inapelekwa Grogan inasukwa waya upya, inarudi, inaungua tena. Kila fundi aliyekuja alifanya kazi yake vizuri: aliitoa, akaipeleka, akairudisha. Nilipoitwa nilipima stima kabla ya kugusa mota. Fezi moja ilikuwa inakatika mara kwa mara pale kwenye swichi kuu. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja ikiwa inazunguka haisimami papo hapo, inaendelea, na zile mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote hadi waya zinaiva. Ovalodi ndiyo ilipaswa kuizima. Kufungua boksi nikakuta mtu ameiruka ovalodi kwa kipande cha waya, kwa sababu "ilikuwa inasumbua kuzimazima". Ilikuwa inazimazima ikimwokoa!

Nilibadilisha swichi, nikarudisha ovalodi, nikaiweka kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mama hajanipigia tena kwa hiyo mota, ila amenipa majirani zake. Chuoni ndiko nilikofundishwa kuuliza mota imeungua *kwa nini*.

Spana ya Kariobangi

Fezi kukatika nimeijua kabla hujavaa suruali ndefu. Aliyeruka ovalodi hakuwa wa Kariobangi.

Fezi Tatu

Sijasema alikuwa wa Kariobangi mzee wangu 😄

Ila kwa mwenye uzi. Kama unaangalia pesa, jifunze pande mbili, spana na stima. Fundi wa spana pekee akikuta kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, imeganda anangoja mwenzake wa stima, na wa stima akikuta giaboksi inapiga kelele anangoja wa spana, huku mashine imesimama na bosi anahesabu katoni. Anayeshika zote mbili ndiye analipwa ile 40,000 ya Mhasibu na kuipita. Mashine zinazoingia sasa kutoka China, India na Italia nyingi zinaendeshwa na PLC, kompyuta ndogo ya ndani ya mashine. Huhitaji kuandika programu. Ukiweza tu kuifungua kwa laptopu na kuona ni sensa gani haijatoa ishara, tayari umeokoa nusu zamu.

Ukitaka kufunga stima nje kwa jina lako, jua kwamba hiyo ni leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, unaanzia daraja la C2. Cheti cha mitambo peke yake hakikuruhusu.

Zamu ya Usiku

Asanteni sana. Mhasibu nimesoma jibu lako mara kadhaa, limeniuma lakini ni kweli, sikuwa nimeuhesabu mshahara ninaouacha. Nilikuwa naangalia karo tu.

Sasa hayo masomo ya jioni. Sisi zamu moja ni ya muda wa saa kumi na mbili, wiki mchana wiki usiku. Wiki ya usiku naingia saa kumi na mbili unusu jioni. Kwa hivyo nusu ya masomo nitayakosa na karo nimelipa yote. Kuna njia nyingine?

Dada wa EPZ

Ipo, na nashangaa uzi umefika hapa bila mtu kuitaja. Gredi.

Mimi ni fundi wa cherehani za viwandani Athi River. Niliingia kama mshonaji. Nilikuwa nakaa karibu na fundi, sindano ikikatika au mashine ikiruka nyuzi nairekebisha mwenyewe badala ya kumngoja, kwa sababu tulikuwa tunalipwa kwa idadi ya vipande. Baadaye nikafanya mtihani wa ufundi wa Gredi III wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kisha II. Sikuacha kazi hata mwezi mmoja. NITA wako hapo Commercial Street, Industrial Area, kutoka Baba Dogo ni matatu mbili. Unajiandikisha kwa fani yako, kwa upande wako nadhani ni fita, yaani fundi wa kufunga mashine, unafanya karatasi na unafanya vitendo mbele ya mtahini. Ada ya mtihani haikaribii karo ya mwaka mmoja chuoni. Nenda ukaulize dirishani wakupe tarehe za awamu ya mtihani inayofuata na orodha ya vitu vya kuja navyo. Usitume mtu, na usilipe broka yeyote anayekaa nje ya geti.

Na ile amri ya mishahara aliyoitaja Afisa inasema Gredi III, II na I. Hizo ndizo gredi ninazozungumzia.

Kuna pia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani, RPL, ulizinduliwa 2024. Huo unakupa cheti chenye kiwango kwenye mfumo wa kitaifa baada ya kukupima unachokijua. Unafaa mtu kama wewe, na unamfaa hata Mzee wa Kariobangi kama angependa.

Spana ya Kariobangi

Nipimwe na nani? Na mtoto niliyemfundisha kufaili chuma kwa tupa?

Dada wa EPZ

Haha, Mzee, ndiyo maana ungefaulu.

Mhasibu wa Donholm

Hiyo ya Dada inabadilisha jedwali langu lote. Mshahara unaoachwa unakuwa sufuri, karo sufuri, inabaki ada ya mtihani, nauli, siku chache za ruhusa na zana. Hata ukiweka 30,000 kwa yote, ambayo naona ni kuzidisha, na nyongeza ikawa ile ndogo ya 6,694, miezi mitano imerudi. Linganisha na 77.

Nina wasiwasi mmoja tu, kwamba Gredi III ina dari. Utafika mahali wanataka diploma uwe supavaiza. Lakini hapo utakuwa unasoma ukiwa na mshahara wa fundi.

Afisa wa Ajira

Naongezea kuhusu mwajiri. Kila mwajiri analipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, inayoenda NITA. Akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyokubaliwa na NITA kabla hayajaanza, anaweza kudai arudishiwe gharama. Viwanda vingi vinalipa tozo na havidai chochote, pesa inakaa tu. Wa kuongea naye si supavaiza wa zamu, ni mtu wa rasilimali watu au mhandisi. Mwambie kuna watu wanaojua kazi na hawana gredi, na kuna pesa ambayo kampuni imeshalipa. Lugha hiyo wanaielewa.

Fezi Tatu

Kabla hujaenda kwa mtihani wa vitendo, vitu viwili ambavyo watu waliojifunzia kwa kushika tochi hukosea (nimeketi na wengi wao).

Beringi. Najua kiwandani inagongwa kwa nyundo na kipande cha bomba. Ukiifunga kwenye shafti, nguvu ipite kwenye ringi ya ndani; ukigonga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na umeshaiua kabla haijazunguka. Bora zaidi ipashe moto hadi kama nyuzi 110 hivi, itaingia yenyewe. Usiifuate kwa gesi ya kuchomelea, inachoma upande mmoja na kuharibu chuma. Na grisi usijaze pomoni, beringi iliyoshindiliwa grisi inapata joto.

La pili, kuzima. Mashine za plastiki mnazo akumuleta za haidroliki, yale matangi yanayohifadhi presha. Kuzima stima hakutoshi, presha bado imo ndani na inaweza kusogeza moldi mkono wako ukiwa katikati. Funga swichi kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo uwe mfukoni mwako, toa presha, jaribu kuwasha uone haiwaki, ndipo uingize mkono. Mtahini akiona umeshika spana kabla ya kufunga swichi, umeanza vibaya. Na kiwandani hakuna mtahini, kuna vidole tu.

Mama Kevo

Natoka nje kidogo ya mada samahani. Kijana wangu yuko na D-, anapenda vyuma. Kwake ni wapi?

Dada wa EPZ

Mama, D- ataanzia kiwango cha 4, cha artisan, kisha apande hadi 5. Mpeleke chuo cha mchana kama anakaa kwako na hana kazi anayoacha. Ile hesabu ya 390,000 haimhusu yeye, kwake gharama kubwa ni karo na nauli. Na akiingia ajue atachmenti, mafunzo ya vitendo kiwandani, ni sehemu ya kozi, na viwanda vingi haviwalipi. Mwekee nauli na chakula cha miezi hiyo mapema. Wengi wanaacha hapo hapo, wakiwa wamebakisha kidogo.

Mama Kevo

Asante sana dada, ubarikiwe.

Zamu ya Usiku

Nimeamua Gredi III kwanza. Nimeongea na fundi ninayemshikia tochi, amekubali kunipa kazi za kufanya mwenyewe yeye akiangalia, na ana mita ya zamani ataniuzia polepole.

Shida moja. NITA nikienda na nikiulizwa uzoefu, nitaonyesha nini? Supavaiza anasema kibarua hapewi barua, na jina langu haliko popote isipokuwa kwenye kitabu cha geti.

Afisa wa Ajira

Hati ya utumishi, kifungu cha 51, mwajiri anapaswa kuitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, kibarua au la. Lakini inatolewa unapoondoka, na wewe huondoki. Kwa sasa kusanya ulicho nacho: ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila wiki, taarifa ya NSSF kama wamewahi kukulipia hata mwezi mmoja, kadi ya kazi. Halafu mwandikie mhandisi wa matengenezo barua yako wewe, taja mashine unazozijua na kazi ulizozifanya, yeye aweke sahihi na tarehe chini kwamba ni kweli. Wahandisi hawakatai hilo sana, supavaiza ndio huogopa. Kisha fika dirishani NITA uwaonyeshe, ukiwa na kitambulisho na cheti cha KCSE, wakwambie kama kuna kinachopungua. Nenda katikati ya wiki asubuhi, ukitoka zamu ya usiku.

Spana ya Kariobangi

Na kabla ya mtihani pitia kwangu Light Industries Jumamosi moja uje na beringi zako mbovu. Nitakuonyesha kufaili ufunguo wa shafti, kile kipande cha chuma kinachoshika puli isizunguke peke yake. Hiyo hawatakusamehe.

Zamu ya Usiku

Nitakuja Mzee. Jumamosi ya wiki yangu ya mchana tunatoka mapema.